Breki za Ajuza

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Gari kuukuu lenye umbo la sanduku, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lilishuka mteremko wa barabara ya sokoni bila kupunguza mwendo. Likaukwepa mkokoteni wa maji, likamkwepa mama muuza mkaa, likaenda kujibamiza kwenye ukuta wa ghala la saruji. Usukani ulishikwa na mkunga mstaafu. Honi iliendelea kulia dakika saba baada ya mwenyewe kunyamaza.

Gari la wagonjwa lilipigiwa simu. Lilifika saa nne, bila machela.

Jumatano mchana ripoti ya mkaguzi wa magari ilikuwa tayari mezani kituoni, imepigwa muhuri: fundi alifunga pedi za breki zilizokwisha, fundi ndiye mzembe. Jioni yake fundi alikuwa mahabusu, hana mkanda wala viatu. Haraka hiyo ndiyo iliyomtia Sajini kinyaa. Alikuwa amekaa kituo kile miaka ishirini na sita, na hajapata kuona karatasi ya serikali ikikimbia. Kesi ya mbuzi aliyeibwa ilichukua miezi mitano, na mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa nyuma ya kituo muda wote huo.

Faili lilitakiwa mahakamani Ijumaa saa tatu asubuhi. Baada ya hapo fundi angehamia gereza la mahabusu, na Sajini aliwajua watu walioingia humo wakisubiri kesi wakatoka na mvi. Leo ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi. Akamtoa fundi selo, akamkalisha kwenye benchi la korido. Fundi alinuka mkojo wa watu wengine.

"Nieleze upya."

"Afande, mara ya ngapi hii?"

"Nieleze kama unamweleza mjinga. Anza na gari."

Fundi akajifuta uso kwa shati. "Mama Mkunga alilinunua kwenye mnada wa magari ya serikali. Afande, ule haukuwa mnada, ulikuwa mazishi. Sakafu imeliwa na kutu, ukikaa unaiona lami. Chini ya kiti panya wamezaa. Wakubwa walilitumia mpaka likaoza, kisha wakamuuzia mstaafu. Nikamwambia, Mama, hili ajuza halitembei. Akasema hata yeye ni ajuza na anatembea. Jina likabaki hilo hilo, Ajuza."

"Alitaka la nini?"

"Kubeba wajawazito. Alisema amechoka kuzalisha watu kwenye mikokoteni kwa kungoja gari la hospitali. Miezi minne tumelala chini ya Ajuza mimi na yeye. Alivaa ovaroli la marehemu kaka yake, anasugua vyuma kwa petroli, anatukana kuliko mimi."

"Breki."

"Nilifunga mpya Alhamisi iliyopita. Pedi nne za mbele, zenye mgongo wa kijani."

"Nani alikuona?"

"Yeye."

"Yeye hayupo."

Fundi akatazama sakafu, kisha akainua kichwa. "Lakini alama zangu zipo. Kila nati ninayoikaza naipiga mstari wa rangi, unaanzia juu ya nati unashukia kwenye chuma. Mtu akiifungua, mstari unakatika. Rangi yangu ilikuwa imekauka, Mama akanipa chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu. Akasema hata bibi kizee naye apambwe. Nikazipaka na pedi zenyewe mgongoni, msalaba mdogo kila moja."

"Na zile za zamani ulizitupa wapi?"

Fundi alimkodolea macho kama mtu aliyetukanwa. "Nizitupe? Afande, sisi hatutupi. Kitu kibovu ukikitoa kinarudi mkononi kwa mwenye gari. Akione kilivyokwisha, asije kesho akasema umemdanganya. Fundi asiyerudisha vibovu ni mwizi, hata kama hajaiba. Nilizitia kwenye gunia, nikampa."

Sajini akaandika neno moja tu: gunia.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya vyumba vitatu, mabati juu, kibaraza kimejaa viti vya kukodi. Mgane, mzee wa mabega mapana aliyewahi kuwa mwashi, alimfungulia mlango bila kumkaribisha.

"Mmeshamfunga?"

"Bado, Mzee. Pole kwa msiba."

"Pole yako ipeleke kwa aliyekutuma. Mke wangu kalala chumba cha maiti jokofu halifanyi kazi, wananiambia nilete barafu mwenyewe. Wewe umekuja na pole." Akatema mate pembeni ya kizingiti. "Unataka nini?"

"Kuna gunia fundi alimpa mkeo."

"Takataka zile? Nilimgombeza nazo. Namwambia, mama watoto, nyumba ina vyuma kuliko masufuria. Ziko nyuma ya banda la kuku."

Gunia lilikuwa limenyeshewa na kuku wamelichafua. Sajini akavaa glavu za mpira, akatandaza gazeti, akatoa kimoja kimoja: mpira wa maji uliopasuka, beringi iliyokufa, plagi nne nyeusi. Chini kabisa, zimefungwa pamoja kwa waya, zilikuwa pedi nne za breki. Sehemu inayoshika ilikuwa imelika hadi unene wa ukucha. Akazipiga picha, akatoa bahasha na picha za ripoti ya mkaguzi, akaziweka kando.

Mgane akainama. "Si ndizo hizo hizo? Kazirudisha kwenye gari, mwanaharamu."

"Mzee, hizi ziko hapa tangu lini?"

"Tangu Alhamisi iliyopita. Nililiburuta gunia mimi mwenyewe, halijaguswa, tazama mavi ya kuku juu yake."

"Mbele gari hili linachukua pedi nne. Nne mbovu ziko humu guniani. Nne nyingine mbovu ziko kwenye gari, na picha zake hizi hapa. Mbovu nane."

Mzee akazihesabu kwa kidole. Kuku mmoja akapita juu ya gazeti, hakumfukuza.

"Ijumaa ulikuwepo walipolipeleka gari yadi ya mkaguzi kukaguliwa?" Sajini aliuliza.

"Nilikuwa nyuma, na kikapu cha nyanya. Fundi anaendesha, mke wangu kando yake. Tulipofika mteremko ule ule wa sokoni mke wangu akamwambia, hebu kanyaga tuone. Akakanyaga. Nyanya zote dirishani! Nilimtukana fundi mpaka getini."

"Ulimtukana kwa sababu breki zilishika."

Mgane alitafuta kiti cha kukodi, akakaa polepole. "Na baada ya hapo lililala yadi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Sheria inasema lazima lilale mpaka mkaguzi asaini. Jumanne alfajiri mke wangu akaenda kulichukua, peke yake. Mimi nilikuwa nimekasirikia nyanya."

Sajini akamwandikia hati ya kupokea gunia, akamsainisha, akaondoka nalo begani.

*

Lakini kulikuwa na njia nyingine ya kulielezea jambo lile, na Sajini hakutaka wakili amtangulie nayo. Pedi mpya zikiwa feki huweza kusagika kama biskuti. Akaenda kwenye duka la vipuri, ambako mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, alikuwa akihesabu misumari bila kumtazama mteja.

"Umewahi kuuza pedi za Ajuza?"

"Ajuza wa marehemu? Niliuza. Seti moja. Mwaka huu mzima seti moja tu, kwa sababu magari ya toleo lile yamebaki mawili mjini. Moja la kwake, moja la kwenu."

"La kwetu?"

"La kituo, afande. La mkuu wako. Nyie hamjanunua kitu hapa tangu mwaka juzi, na mkija mnataka kwa mkopo." Akainuka, akatoa boksi kwenye rafu ya juu. "Hizi ndizo. Shika mwenyewe."

Pedi zilikuwa nzito, mgongo wa kijani uliokolea, namba imegongwa kwenye chuma. Sajini akampa picha ya zile za kwenye gari lililopondeka.

Mwenye duka akasogeza miwani. "Hizi nyeusi hazikutoka kwangu. Hata feki si feki, ni kuukuu tu. Tazama ukingo, zimekula sahani ya breki ya gari jingine kabisa. Hiki ni kitu cha kutupa jalalani." Akamrudishia picha kwa ncha za vidole. "Aliyemfungia binadamu mwenzake kitu hiki anakula chakula kinashuka?"

*

Mkaguzi wa magari alikuwa anakula. Ofisi yake ndani ya yadi ilikuwa kontena lenye dirisha, na mezani, juu ya ripoti za watu, alimenya mayai ya kuchemsha. Maganda yalikuwa yamenasa kwenye muhuri.

"Sajini! Karibu yai."

"Nimeshiba. Naomba kuliona gari."

"Ripoti si unayo?"

"Ninayo. Sasa naomba gari."

Ajuza alikuwa pembeni ya ukuta, pua imebonyea mpaka kwenye kioo, damu imegeuka nyeusi kwenye kiti na nzi wameshika kazi. Hakuna aliyejali hata kulifunika turubai. Sajini akapiga magoti kwenye tope la oili, akamulika kwa tochi. Alianza nyuma, mahali ambapo hapakuwa na shaka. Nati ya kwanza, mstari mwekundu mzima. Ya pili, mzima. Akahesabu kumi na tisa, kwenye springi, kwenye shafti, kwenye vishikio vya injini, yote mizima, imepigwa kwa mkono uliotulia. Kisha akaja kwenye breki za mbele. Bolti nne. Mistari yote minne ilikuwa imekatika. Nusu ya juu imezunguka ikatazama upande mwingine. Upande wa kushoto pedi moja ilikuwa imechomoka nusu. Zote nne zilikuwa nyeusi.

Akapiga picha, akarudi kontenani na magoti yake machafu, akaketi bila kuambiwa.

"Jumatatu ulisaini kwamba breki za gari hili ni nzuri."

Mkaguzi akameza. "Jumatatu palikuwa na kazi nyingi."

"Jumatano ukasaini kwamba breki zimekwisha. Katikati gari limetembea dakika ishirini. Pedi mpya inakwisha kwa dakika ishirini?"

"Fundi alifunga mbovu. Jumatatu nilipitiwa. Mimi si binadamu?"

"Ulipitiwa, au hukutazama?"

"Sajini, tusivunjiane heshima. Mimi na wewe ni watu wa serikali moja."

"Bolti za mbele zimefunguliwa baada ya fundi kuzikaza."

"Nani kasema?"

"Rangi."

Mkaguzi akacheka, kipande cha kiini kikaruka mezani. "Rangi ya kucha! Utaenda mahakamani na rangi ya kucha ya bibi kizee?"

Sajini akafungua daftari. Yeye alikuwa amesema rangi tu. Ya kucha hakuitaja. Akaandika sentensi ile kama ilivyosemwa, akaweka saa, akageuza daftari. "Soma, kisha usaini kwamba ndivyo ulivyosema."

Mkono uliokuwa unamenya yai ukasimama hewani. "Sisaini kitu bila mkuu wako."

"Sawa. Naandika umekataa."

*

Nje, dereva wa kituo alikuwa amejilaza kwenye kiti cha gari la Mkuu, miguu dirishani. Walimwita Shemeji Wote kwa sababu hakuna nyumba mjini ambamo hadai ameolewa dada yake. Gari lilikuwa la rangi ya majani, toleo lile lile la Ajuza, ila hili lilikuwa na zulia.

"Twende, afande? Shikilia, maana hili siku hizi nikigusa tu linasimama kama limeona simba."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Tulilileta hapa yadi, wakalifunga breki mpya. Kabla ya hapo, shemeji yangu, tulikuwa tunasimama kwa dua. Lilikuwa linakwaruza chuma kwa chuma mpaka mbwa wanabweka."

Sajini alikuwa ameshafungua mlango. Akaufunga tena, akabaki nje.

"Toa jeki."

"Jeki ya nini? Tairi zima."

"Toa gurudumu la mbele."

"Afande, hili gari la Mkuu!"

"Gari la kituo. Yeye ana kiti tu."

Dereva akatoa jeki, akinung'unika kwamba ana watoto na hajui kazi nyingine. Gurudumu likatoka. Sajini akachuchumaa, akamulika. Mgongo wa kijani. Akamwambia dereva afungue bolti mbili, akaivuta pedi kwa glavu, akaigeuza kwenye mwanga wa saa sita. Katikati ya kijani kulikuwa na msalaba mdogo, mwekundu, unaong'aa kama umepakwa jana.

Dereva aliona uso wa Sajini akaacha mzaha. "Nini, afande?"

"Jumanne, ulipotupeleka kwenye ajali, nani alikuwa ndani ya gari hili?"

"Mimi, wewe na Mkuu. Ulisahau? Tulishuka mteremko ule ule. Mkuu akasema, taratibu, usimkanyage marehemu. Nikasimama pale pale, hatua mbili toka miguu yake."

Sajini akazitoa pedi zote nne, akaziandikia lebo, akamsainisha dereva kuwa shahidi. Kisha akavuka mpaka getini, akaomba daftari la mlinzi la kuingia na kutoka. Mlinzi alikuwa mwanamke wa makamo, hakuuliza sababu. Alilifunua mwenyewe, akalishikilia lisipeperuke na upepo wakati Sajini anapiga picha kurasa za tangu mwaka uanze.

"Mimi naandika tu," alisema mlinzi. "Miaka mitatu naandika. Wewe ndiye wa kwanza kusoma."

Walirudi kituoni kwa miguu.

*

Mkuu wa kituo alikuwa ametoka kunyolewa, ofisi yote inanukia marashi. Alizitazama pedi nne juu ya gazeti, halafu zile nne za guniani, halafu picha za zile nyeusi, na kila alivyotazama kiti chake kilisogea nyuma kidogo.

"Umefungua gari langu."

"Ndiyo, mkuu."

"Bila kuniuliza."

"Ndiyo, mkuu. Hizi za kijani ni za marehemu. Zilitolewa kwenye gari lake Jumamosi, zikafungwa kwenye hili, na zile zilizokwisha za hili zikafungwa kwenye lake. Karatasi ya matengenezo iliyo kwenye faili la gari inasema zilinunuliwa dukani. Mwenye duka anasema hakuuza. Karatasi ina sahihi yako."

"Nasaini karatasi arobaini kwa siku! Nitajua kila skrubu inatoka wapi?"

Nje ya mlango, kwenye benchi, Mgane alikuwa ameketi tangu saa saba. Alikuja kuomba aone uso wa fundi kabla hajapelekwa mahakamani. Mlango ulikuwa wazi na Mkuu hakujua.

Mkuu akatoa kitambaa, akashusha sauti, akawa mtu mwema. "Sikiliza, ndugu yangu. Wewe unataka nini? Unamtaka fundi. Mchukue." Akavuta fomu ya dhamana, akaifuta maneno, akaandika aachiwe huru, hana kesi ya kujibu, akagonga muhuri. "Haya. Aende akalale kwake. Mkaguzi nitamhamisha. Na haya mavyuma yabaki kwenye droo yangu. Ajali ni ajali. Mama wa watu hatafufuka kwa sababu sisi tumeaibika."

Sajini aliichukua fomu kwanza. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akatoka nayo mpaka kaunta, akasimama hapo mpaka fundi akapewa mkanda na viatu na kusainishwa. Fundi alipopita mbele ya benchi, Mgane aliinuka. Mzee alimshika mkono, ule mkono mweusi wa oili isiyotoka kwa sabuni, akaushikilia.

Sajini akarudi ofisini. Pedi zilikuwa zimeshaingia droo, na droo imefungwa. Akatoa simu, akaiweka mezani mbele ya Mkuu, picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari la getini imejaa kioo.

"Nimesema imekwisha, Sajini."

"Ya fundi imekwisha. Tangu mwaka uanze magari sitini na mawili yamelala yadi ile. Nimeyahesabu yote. Hili la chini kabisa limelala siku mbili, limetoka jana jioni, limesainiwa breki nzuri na mkaguzi yule yule."

Mkuu akainama kusoma. Uso ulionyolewa vizuri ukapoteza rangi. Mgane alikuwa ameshaingia, kofia mkononi, naye akisoma juu ya bega la Mkuu, kwa sauti, neno kwa neno kama wasomavyo watu waliojifunzia ukubwani: basi, la, shule, ya, msingi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Sajini alikuwa ameshanyanyua simu ya mezani, lakini namba ya dereva wa basi hakuwa nayo, na hakuna hata mmoja kituoni aliyekuwa nayo.

"Mkuu," alisema, "watoto wameshatoka darasani. Basi hili sasa hivi liko wapi?"